Kampuni Iliyowasafirisha Watu Hadi Kwenye Kona

Kulikuwa na nchi, na msiniulize iko upande gani, kwa sababu kila nikiinua kidole kuonyesha kuna mtu hukohoa. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na ziwa, ilikuwa na mlima, ilikuwa na Serikali, na vyote vitatu vilipendeza zaidi vikitazamwa kwa mbali. Wananchi wake walikuwa watu wa adabu kupita kiasi, na katika adabu zao zote hakuna waliyoishikilia kama ile ya kumsindikiza msafiri.

Huko mtu hakuondoka hivi hivi kama paka. Mtu akisafiri, mtaa mzima ulifunga kazi. Walikuja na kuku, walikuja na maandazi, walikuja na machozi yao kamili. Waliogombana naye mwaka mzima walipatana naye asubuhi hiyo hiyo, ili nao wasikose nafasi ya kulia. Walimpungia mikono mpaka mabega yakauma, wakabaki wamesimama wakitazama vumbi lake, wakisema alikuwa mtu mzuri, ingawa alikuwa anakwenda kutibiwa jino tu.

Baada ya hapo msafiri alibakiwa na wajibu mmoja: asionekane. Mtu aliyekwisha kuagwa akirudi kabla ya wakati wake, hata kama amesahau miwani, ilikuwa aibu ambayo wajukuu zake wangekuja kuulizwa shuleni. Inasemekana bwana mmoja alikumbuka njiani kuwa hakufunga mlango wa nyuma, akarudi kwake akitembea kinyumenyume mtaa mzima, ili atakayemwona adhani bado anaondoka. Mimi sikuwepo. Aliyenisimulia naye hakuwepo, kwa hiyo habari hii haijaharibiwa na mtu yeyote.

Katika nchi hiyo alitokea Bwana Mkadamu Shaweji, fundi baiskeli, mtu mwenye tumbo dogo na matumaini makubwa. Alijipatia basi moja kuukuu, akalipaka rangi ya bluu, na ubavuni akaandika kwa mkono wake mwenyewe: NENDA UPUMZIKE. Hiyo ndiyo ikawa kampuni.

Lazima niwe mkweli hapa, maana siku hizi jambo hili halisemwi. Mwanzoni basi la Shaweji lilikuwa linafika. Lilipakia watu sokoni, likanyoosha barabara moja kwa moja hadi ziwani, barabara iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi, na jioni watu walikuwa wamechovya miguu majini wanakula samaki. Waliumwa na mbu, waligombania viti vya dirishani, walirudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Vitabu vya kampuni vinaiita enzi ile Kipindi cha Matatizo.

Kisha Serikali ikagundua likizo.

Aliyeigundua ni Mheshimiwa Waziri wa Mapumziko, mtu aliyekuwa na sauti mbili, moja ya nyumbani na moja ya kipaza sauti. Akaita mkutano uwanjani, akatumia ya pili. "Ndugu wananchi," akasema, "uchunguzi wa kitaalamu umebaini kwamba taifa limechoka. Serikali yenu sikivu haiwezi kukaa pembeni ikitazama uchovu ukifanyika kiholela, kila mtu anachoka anavyotaka na saa anayotaka. Kuanzia leo tutachoka kwa zamu na tutapumzika kwa idhini." Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wamesinzia, lakini mikono yao ilishazoea.

Kampuni ya Shaweji ikateuliwa kuwa Kampuni ya Taifa ya Likizo, na siku ya uzinduzi ikapangwa. Watumishi waliochoka zaidi wizarani walichaguliwa, wakaoshwa, wakapandishwa basi. Bendi ya Taifa ikapiga. Watoto wa shule wakaimba wimbo uitwao Pumzikeni Mashujaa. Utepe ulikuwa umefungwa kimakosa kwenye kioo cha pembeni cha basi, kwa hiyo Mheshimiwa alipokata utepe kioo nacho kikaanguka, na hilo likapokewa kwa vifijo kama sehemu ya sherehe. Wake walilia. Wakwe walilia. Kila abiria alipewa kuku.

Basi likaondoka kwa heshima zote, likakata kona kwenye bohari la pamba, watu wasilione tena. Hapo hapo nyuma ya bohari likatoa sauti kama mzee anayeketi, likazima.

Sasa muelewe hali yenyewe. Abiria waliisikia bendi ikiendelea kupiga. Harufu ya pilau iliyopikwa kwa ajili ya waliokuja kuwaaga iliwafikia puani. Nyumbani kwao ni mwendo wa kumaliza mua mmoja. Watu wa nchi nyingine wangeshuka, wangerudi, wangecheka, wangekula pilau. Hawa waliketi kimya. Mwishowe karani mmoja wa wizara, aliyemkumbatia jogoo mwekundu, akasema, "Huyu nimepewa na shemeji yangu. Alikuwa analia wakati ananipa. Nitamrudisha kwa uso gani?"

Hakuna aliyekuwa na uso wa kumwazima. Wakashuka mmoja mmoja, wameinama ili vichwa visionekane juu ya ukuta, wakaingia ndani ya bohari kwa mlango wa nyuma. Humo walikaa likizo yao yote. Walilala juu ya marobota ya pamba, wakawala kuku kwa zamu ya cheo, na ilipofika siku ya kurejea wakalisukuma basi hadi kwenye kona na kulipanda, likateremka kimya kimya uwanjani kwa mteremko.

Bendi ikapiga tena. Waziri akamshika yule karani bega, akampelekea kipaza sauti mdomoni, akamwomba aliambie taifa habari za ziwani. Karani akamtazama mkewe. Akawatazama wanawe waliokuwa wamevalishwa nguo za sikukuu. Alikuwa na pamba kwenye nyusi.

"Maji yake," akasema, "ni mengi."

Makofi yalipasuka hadi njiwa wakahama paa. Karani akapata nguvu. Akaendelea na mawimbi, akaendelea na upepo, akafika kwenye samaki mkubwa aliyemkonyeza, na kadiri alivyoendelea ndivyo wenzake waliokuwa naye boharini walivyotikisa vichwa kukubali, kwa sababu na wao walianza kukumbuka.

Wakati huo Shaweji alikuwa amelala chini ya basi na spana mkononi, anahangaika na injini. Akayasikia yale makofi. Akasikiliza kwa muda. Kisha akaiweka spana chini.

*

Ukuaji wa kampuni tangu hapo ulikuwa wa kutisha. Gharama kubwa ya usafiri, kama mnavyojua, ni kwenda. Ukiondoa kwenda, usafiri ni biashara nzuri sana.

Bohari likaongezwa mabawa. Kukawa na Bawa la Ziwa, ambako kulikuwa na karai la maji. Kukawa na Bawa la Mlima, ambako madirisha hayakuwa na vioo na wageni walipewa blanketi jembamba ili wahisi kimo. Wenye vyeo walipelekwa Bawa la Ng'ambo, ambako wahudumu walizungumza lugha ambayo hata wao hawakuielewa. Mgeni akikaribia kurejea alikalishwa karibu na tanuri la mikate mpaka uso ubadilike rangi, akapewa samaki wakavu wa kuwapelekea jamaa, kisha akapitishwa Chuo cha Kumbukumbu, ambako wakufunzi walimsaidia kujua alifurahia nini.

Kila usiku baada ya taarifa ya habari redio ya taifa ilikuwa na kipindi kiitwacho Amefika Salama. Mtangazaji mwenye sauti ya asali alisoma majina ya walioagwa siku hiyo, na kueleza kwamba fulani amefika, amepokewa, ameshakula, anawasalimu wote wanaomfahamu bila kumsahau mama mkwe. Watu walikusanyika kwenye redio wakisikiliza na kufuta machozi. Hawakuwa wajinga. Karibu kila mtu mzima alikuwa amewahi kulala boharini. Lakini kila mmoja alidhani ni basi lake tu ndilo lililoharibika, na akaona haya kuwaharibia wenzake ambao, kwa jinsi walivyosimulia, ilikuwa dhahiri walifika.

Tatizo lilikuwa moja. Mikoani barabara zilikuwa zimenyooka, na basi lililoagwa huko lilionekana njia nzima likienda kuzima. Waziri akalivalia njuga jambo hilo. Ikaanzishwa Idara ya Kona. Wahandisi wakatumwa kila wilaya kupinda barabara, na nyuma ya kila kona mpya likajengwa bohari. Wilaya zikashindana. Kulikuwa na mkuu wa wilaya mmoja aliyepinda barabara yake mara nyingi mpaka ikarudi ofisini kwake, akapewa nishani. Watalii wa nje nao waliletwa, na hawakulalamika hata kidogo. Mmoja aliandika kwao kuwa ziwa letu ni tulivu mno, halina hata unyevu.

Ili kampuni isisumbuliwe, ikapigwa marufuku mtu kusafiri bila kuagwa rasmi. Kosa hilo liliitwa Utoro wa Kimyakimya. Wauza dagaa waliruhusiwa kwenda na kurudi ziwani kwa sababu kisheria waliosafiri ni dagaa, wao walikuwa wanawafuata. Lakini malori yao yalikatazwa kumbeba mtu yeyote mwenye sura ya kupumzika.

Shaweji akanenepa, akaitwa Mkurugenzi Mkuu, akaacha kabisa kupanda mabasi kwa sababu za kiafya.

*

Sasa nakuja kwa Bi. Somoe, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu mambo ya kuchekesha nimeshayatumia mengi.

Bi. Somoe alikuwa mpiga pasi wa Bendi ya Taifa. Magwanda yote yale mekundu yenye vifungo vya shaba, ni mkono wake na pasi yake ya mkaa. Kwa kuwa kila siku kulikuwa na wa kuagwa, kila siku kulikuwa na magwanda ya kunyoosha, na kwa hiyo katika nchi nzima inayopumzika yeye peke yake hakuwahi kupewa likizo. Bohari hakulijua. Alilijua kwa nje, kama mahali ambapo mabasi yanapita.

Alikuwa na dada mkubwa, Kidawa, aliyeolewa ziwani zamani za lile basi la bluu. Kidawa ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Kidawa alikuwa bado msichana mwenyewe, akambeba Somoe mgongoni huku anatwanga, akamwogesha, akamchapa, akamfundisha kushika pasi. Hawakuwa wameonana tangu barabara ilipoanza kupindwa.

Siku moja muuza dagaa alimletea salamu. Alizisema akiwa anatazama ndoo yake. Kidawa anaumwa, amekonda, na amesema hivi: mwambie Somoe ugonjwa huu hautaki dawa, unataka mtu. Aje nimwone kwa macho, mengine yatajijua yenyewe.

Somoe akaiacha pasi juu ya gwanda la mpiga ngoma kubwa mpaka ikatoboa. Akaenda kuomba likizo. Wakubwa wa bendi walishangaa, mmoja akamuuliza kama amechoka kwa zamu au kwa kujitakia. Lakini Waziri, aliposikia kuwa mpiga pasi wa bendi anakwenda likizo kwa mara ya kwanza, akaona kuna hotuba ndani yake. Akatoa idhini.

Aliagwa vizuri kuliko mtu yeyote mwaka ule. Bendi yenyewe ililia, na ni vigumu kupiga tarumbeta unalia. Mheshimiwa alisema mama huyu ni kielelezo, kwamba hata mikono iliyonyoosha taifa nayo inastahili kukunjwa. Somoe hakusikia sana. Alikuwa amebeba kikapu chenye sukari, khanga mpya na mafuta ya kumkanda dada yake miguu. Alikuwa anahesabu vituo.

Basi likakata kona, likazima.

Wenzake wakashuka wameinama, kama watu wanaojua njia. Yeye akabaki kitini na kikapu chake, anasubiri fundi. Alisubiri mpaka mhudumu alipokuja kumwambia, kwa upole mkubwa, kwamba ameshafika.

Usiku ule wageni wa Bawa la Ziwa walikuwa wamezunguka karai, redio ikiwa juu ya robota. Mtangazaji akasoma majina. Kisha akasema kuwa Bi. Somoe wa Bendi ya Taifa amefika salama ziwani, amepokewa na upepo mwanana, ameshakula samaki wawili, na amesema hana haraka ya kwenda popote, anataka kupumzika kwanza.

Wageni wenzake wakampongeza. Somoe akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Mkurugenzi Mkuu, ambaye alikuwa anakula.

"Mkurugenzi, samahani. Dada yangu ana redio."

"Ahaa, vizuri sana," akasema Shaweji. "Basi ameshafurahi."

"Atakuwa ananisubiri."

"Akusubiri vipi tena? Si amesikia umefika?"

"Ndiyo maana ananisubiri, baba. Nimefika, nimekula samaki, sina haraka. Na yeye yuko pale pale, mgonjwa. Atajiuliza kwa nini siji."

Shaweji akaacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kuzungumza naye. Akafikiri kwa bidii, mpaka mishipa ikamtoka.

Somoe akamwomba jambo dogo: kesho redio iseme kuwa hajafika. Iseme tu basi limepata hitilafu. Shaweji akamwonyesha ukutani bango la kampuni. Tangu kampuni ianze, akamweleza, hakuna abiria hata mmoja ambaye hakufika. Hakuna kampuni nyingine duniani yenye rekodi hiyo. Je, leo waanze na yeye, mama mtu mzima, mfanyakazi wa bendi?

"Basi nipeni ruhusa niende kwa miguu."

"Kwenda wapi, mama? Uko huko."

Wakatazamana. Kisha uso wa Shaweji ukang'aa.

"Nimepata," akasema. "Kesho tutatangaza kwamba umekwenda kumtembelea."

"Mkurugenzi, yeye mwenyewe atakuwepo. Ataona sipo."

"Si umesema ni mgonjwa? Wagonjwa husahau sana." Akachukua kalamu. "Tuseme umempelekea nini? Sukari?"

Somoe alitoka ofisini bila kuaga, jambo ambalo katika nchi ile lilikuwa kama kumtemea mtu mate. Akapita Bawa la Ziwa, akapita Bawa la Mlima ambako watu walikuwa wanatetemeka kwa raha, akafika mlango wa nyuma. Haukuwa na askari. Haukuwa na kufuli. Haikuwahi kuhitajika. Akausukuma, akatoka na kikapu chake kichwani.

Angeweza kugeukia upande wa mjini. Nyumba yake ilikuwa pale, taa ya jirani ikiwaka. Aligeukia upande wa pili.

*

Barabara ya ziwani, ile iliyokuwa kama uzi wa fundi mwashi, alikuta imekuwa utumbo. Alitembea asubuhi nzima, akajikuta anautazama mti ule ule kwa upande mwingine. Alijaribu kukata porini, akatokea kwenye kona iliyokuwa bado inajengwa, ambako wahandisi walikuwa wanabishana kama ipindwe kulia au kushoto, kwa sababu kote kulikuwa kumeshapindwa. Mmoja alimuuliza kama ana idhini. Akawaambia ameshaagwa. Wakavua kofia, wakampisha, kwani mtu aliyeagwa hana kosa lolote kisheria. Kosa lake ni kuonekana tu, na wao wakatazama pembeni.

Nyuma ya kila kona palikuwa na bohari. Alipita karibu akisikia watu ndani wakikohoa, wakicheza bao, mtu anaeleza mandhari. Mahali pengine alisimama kuomba maji. Mwanamke mmoja alimpa kopo kupitia tundu la ukuta, jicho moja tu likionekana.

"Mwenzangu unakwenda wapi?" jicho likauliza.

"Ziwani."

Jicho likafikiri. "Hapa nasi tuko ziwani," likasema. "Lakini sijasikia maji."

Somoe akamwambia watoke wote wafuatane, mlango hauna kufuli. Jicho likageuka kutazama ndani. Kisha likasema watoto wake walimlilia sana siku ile anaondoka, mdogo alishikilia gauni mpaka likachanika, na sasa akionekana njiani si itakuwa amewadanganya? Likachukua kopo lake, likaondoka tunduni.

Usiku wa siku hiyo alipita mbele ya kibanda cha muuza chai, redio ikiwa juu ya meza. Akasikia jina lake. Redio ilikuwa inasema kwamba Bi. Somoe amemtembelea dada yake mgonjwa, amempelekea sukari, wamecheka na kukumbushana ya utotoni, na dada amepata nafuu. Muuza chai akasema, afadhali, kuna watu bado wana utu. Somoe akaanza kukimbia. Mwanamke wa umri wake, na kikapu kichwani, anakimbia kwenye barabara ambayo kila hatua ilimpeleka zaidi kando kuliko mbele.

Alifika ziwani viatu vikiwa vimemwisha. Palikuwa kimya. Ufukweni kulisimama ubao mkubwa wa kampuni wenye picha ya watu wanacheka, na mbuzi mmoja amelala kwenye kivuli chake. Maji, nakubali, yalikuwa mengi.

Nyumba ya Kidawa aliijua kwa mlango wake wa kijani. Nje palikuwa na kitanda cha kamba kimesimamishwa kwa ubavu ukutani, kimelowa, na mwanamke mnene aliyechuchumaa anakisugua kwa kitambaa na sabuni. Alikuwa Mama Chausiku, jirani, ambaye Somoe alikuwa akimjua kwa salamu za wauza dagaa. Kitanda kinaoshwa hivyo kwa sababu moja tu, huko kama kwingine. Somoe akakishusha kikapu.

Mama Chausiku alimtazama miguu kwanza, kisha uso. Wanafanana, Somoe na dada yake, paji la uso na kidevu.

"Ndiyo wewe," akasema. Hakumkaribisha kiti.

Alisimulia bila kuacha kusugua, na alisimulia polepole, kama anayetoa miba. Usiku ule redio iliposema Somoe amefika, Kidawa aliamka. Mtu aliyekuwa hashiki hata kijiko, aliketi. Akataka asukwe nywele. Akataka kitanda kigeuzwe kitazame mlango, asipoteze hata muda wa mtu kuzunguka. Wakapika wali, wakaufunika. Wakawatuma watoto ufukweni wakamtafute mama mmoja mgeni mwenye kidevu kama cha Bibi Kidawa. Watoto wakarudi wakasema hawamwoni. Kidawa akasema amelala huyo, safari ni ndefu, mwacheni alale. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Wali ukapikwa mwingine.

"Halafu redio ikasema umekuja," akasema Mama Chausiku. "Ikasema umekuja humu ndani na mmecheka. Sisi tuko humu humu, tumekaa, tunatazamana. Nikamwambia, da Kidawa, hii redio ina wazimu. Akanikatalia."

"Alisemaje?"

Mama Chausiku akakikamua kitambaa. Maji yakatiririka mchangani.

"Akasema redio haina kosa. Akasema, atakuwa alikuja kweli. Alikuja mpaka mlangoni, akachungulia, akaniona nilivyobaki, akarudi zake." Akakichovya kitambaa ndooni. "Ndipo akaomba tumgeuzie kitanda ukutani. Hakuongea tena mpaka tulipomzika."

Somoe alifungua mdomo. Akaanza kueleza: basi, kona, bohari, karai la maji, Mkurugenzi na chakula chake. Aliyaeleza yote kwa mpangilio, na kadiri alivyoyaeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe jinsi yanavyosikika. Mama Chausiku alimwacha amalize. Na yeye alikuwa amewahi kwenda likizo, mlimani, zamani kidogo. Alikumbuka blanketi jembamba. Aliinamisha uso juu ya kitanda asiangaliwe.

"Basi langu ndilo liliharibika," akasema kwa sauti ndogo. "Lako lilifika. Tulisikia wote."

Somoe akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, ambako kamba zilikuwa bado hazijaguswa, akanyoosha mkono akachukua kitambaa kingine ndooni, akaanza kuosha pale ambapo dada yake alikuwa amelaza kichwa.

Mama Chausiku akamshika kiganja. Hakumshika kwa hasira. Alikivuta kile kitambaa taratibu, kidole baada ya kidole, kama anavyonyang'anywa mgeni sahani asioshe vyombo.

"Acha, mama," akasema. "Wewe uko likizo."